Sauti ya Wassila

Jioni ya kwanza ya kazi baada ya Idi, Wassila alitoka nyumbani mapema kidogo ili apitie kwa mwoka mikate. Mji wa Bir Meliha ulikuwa umesharudia usingizi wake. Wanaume walikuwa vibarazani na karata zao, watoto wanamalizia peremende za sikukuu, mbwa wamejinyoosha katikati ya njia kama wenye nyumba. Alinunua mkate wa tabuna, ule wa tanuri la udongo, ungali moto, akaufunga kwenye kitambaa. Nusu yake, nusu ya mumewe. Lazhar alikuwa zamu ya doria usiku ule, na kabla ya kutoka na gari hakukosa kupita kituoni kuchukua nusu yake na kumchokoza mkewe.

Alipokuwa akipita chini ya dirisha la mama mkwe, Bi Zohra, akaitwa.

"Wassila, mwanangu! Mwambie Lazhar avae koti. Chumvi inanuka leo."

"Inanuka kila siku, mama."

"Kila siku? Ramadhani nzima haikunuka. Wewe uliinusa?"

Wassila akafikiri. Kweli, hakuinusa. Na sasa, bibi mzee alipomwonyesha, ikamjia puani: harufu ya mayai yaliyooza na maji ya kale, ikitoka Shotti.

Shotti ni ziwa lisilo na maji. Mwaka mzima ni chumvi tupu, nyeupe, tambarare, mpaka macho yachoke. Juu pagumu kama sakafu, chini ni tope lisilo na mwisho. Njia moja tu inakatisha, nayo imeinuliwa kwa mawe. Ukiiacha njia, hakuna wa kukuapia kuwa utarudi.

"Nitamwambia," alisema Wassila, akaongeza mwendo.

*

Wassila alikuwa opereta wa redio ya upepo katika kituo cha polisi. Kazi hiyo alifundishwa na mzee mmoja, Ami Beshir, aliyekaa na maiki ile mpaka nywele zikawa nyeupe.

Zamani redio ilikuwa kama uwanja wa wazi. Akisema mmoja, magari yote yanasikia. Basi kulikuwa na kazi, na kulikuwa na utani. Lazhar, wa gari la Nne, akiita kwa heshima zote, "Kituo, hapa Nne," hujamaliza kumjibu, gari jingine limeshadakia: "Shemeji, mwambie huyo mumeo chai haina sukari, ameimaliza yeye!" Na Wassila hujifanya mkali, huku kiganja kimeziba maiki asisikike akicheka.

Lakini zilikuwepo jioni nyingine.

Jioni ambazo jua limezama, adhana ya magharibi imekwisha, na redio inakwaruza kama mtu anayekuna ukuta kwa kucha. Kisha inakuja sauti. Ya mwanamume. Imechoka, ina adabu.

"Kituo, Kituo… hapa Kumi na Saba."

Wilaya haikuwa na gari la Kumi na Saba. Lilikuwapo zamani, kabla Wassila hajaajiriwa. Liliitwa Shotti kumsaidia mtu aliyekwama, likaingia, halikutoka. Namba ile haikupewa gari lingine tena.

"Kituo, Kituo… hapa Kumi na Saba…"

Mara mbili. Halafu kimya. Na katika kimya kile, madereva wa doria popote walipo hugusa kitufe cha redio bila kusema neno. *Tk.* Kisha mwingine, *tk.* Kila mmoja akiwaambia wenzake: nami nimesikia, nami sikuitika.

"Mwanadamu akikwama," Ami Beshir alimfundisha, "ataita mpaka koo limkauke. Wale huita mara mbili. Ngoja ya tatu, mwanangu. Wao hawana miguu. Jibu lako ndilo njia yao."

Wassila aliyashika maneno hayo, na miaka ikapita salama.

Kisha akaja injinia Ridha na redio mpya.

Ridha hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa kijana mpole kutoka mji mkuu, mwenye kuomba radhi hata akivuta kiti. Na sababu yake ilikuwa ya haki: katika wilaya ya jirani askari alipigwa risasi na wauza magendo, akaita, na kwa kuwa magari mawili mengine yalikuwa yakizungumza wakati huohuo, hakusikiwa. Alivuja damu barabarani mpaka akafa, kitufe kingali chini ya kidole chake.

"Haitatokea tena," alisema Ridha.

Tangu hapo gari likiita, mashine ndiyo inayopokea, na inajibu papo hapo. Yenyewe inaangalia ni gari gani lililo karibu na mwenye shida, na yenyewe inalituma. Magari hayasikilizani tena. Kila moja lina njia yake, halimkatizi mwenzake. Opereta anaketi mbele ya skrini, anaangalia nukta za magari zikitembea juu ya ramani. Anaweza kuongea na gari akitaka. Kusimamisha amri ya mashine hawezi, ila kwa idhini ya makao ya mkoa.

Na mashine ilihitaji sauti. Wakasikiliza maopereta wa kusini wote, wakachagua sauti ya Wassila. Alipelekwa katika chumba chenye kuta za magodoro akasomeshwa neno mojamoja: namba, majina ya njia, umesikika, elekea, subiri hapo, tunakuja.

"Huu sasa mtihani!" Lazhar alisema siku hiyo, akijipiga paja. "Nyumbani wewe, garini wewe. Mwanamume atapumulia wapi?"

"Chooni," alisema Wassila. "Huko bado hawajaweka spika."

Lakini kabla Ridha hajafunga nyaya za mwisho, Wassila alimsogelea. Aliona haya kama mtoto.

"Injinia… ikija sauti ambayo si ya gari letu?"

"Kama inaita, dada Wassila, ina shida. Mashine haiwezi kumwacha mtu bila jibu. Ndiyo maana imetengenezwa."

Waliijaribu mwezi mzima wa Ramadhani. Ikaenda laini kama mafuta ya zeituni. Kila wito ukajibiwa, hakuna aliyesubiri, wakubwa wakapiga makofi. Ni Ami Beshir peke yake, wakati Wassila alipokwenda kumpa mkono wa Idi, aliyetikisa kichwa juu ya mto wake.

"Mashetani hufungwa Ramadhani. Mmetega mtego mwezi ambao panya wamefungwa, halafu mnasema nyumba haina panya."

*

Lazhar alifika kituoni na njaa yake. Aliumega mkate, akauchovya kwenye harisa, pilipili ya kusaga ya mkewe, machozi yakamtoka, akasema ni ya furaha. Nje, mwenzake Mongi alikuwa garini anapiga honi.

"Huyu Mongi ana haraka ya kwenda kulala barabarani," alisema Lazhar.

"Mama anasema uvae koti. Chumvi inanuka."

"Mama angenivalisha koti hata Makka." Kisha akamtazama. "Una nini, bint Salah?"

"Sina kitu."

"Una kitu. Umekaa mbele ya hiyo skrini kama umeletewa posa na mzee."

Wassila akacheka, lakini kidogo. "Leo msikaribie Shotti," alisema. "Zungukeni upande wa mitende."

"Tunakwenda tunakotumwa, mke wangu. Na anayetutuma ni wewe!" Akaiweka nusu yake iliyobaki mfukoni, akatoka. Mlango wa gari ukagongwa. Kwenye skrini, nukta ya Nne ikaanza kutembea.

Adhana ya magharibi ikaja, ikaenda.

Chumba kilikuwa kimya. Zamani saa hiyo palikuwa na kikohozi cha fulani, wimbo wa fulani, kelele za watu walio hai. Sasa kila gari lilikuwa ndani ya chupa yake. Wassila alisikia taa ikilia juu ya kichwa chake, basi.

Na harufu ile. Humo ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwenye skrini, katikati ya weupe wa Shotti, mahali pasipo na njia… pakawaka nukta.

Haikuwa na namba. Ilitetemeka, kama inajaribu kukumbuka. Kisha namba ikajiandika.

Kumi na saba.

"Kituo, Kituo…" Sauti iliyochoka. "Hapa Kumi na Saba."

Wassila aliunyanyua mkono wake kutoka mezani kama aliyeguswa na moto. Hakugusa kitufe. Moyoni akasema: kimya. Kimya kama tulivyofundishwa.

Na sauti yake mwenyewe, tamu, safi, bila woga wowote, ikasema kwenye spika:

"Kumi na Saba, umesikika. Subiri hapo. Tunakuja."

Ameitika.

Ameitika yeye.

Ile nukta ikaacha kutetemeka. Ikasimama imara, kama mtu aliyepata pa kukanyaga. Na spika, kwa sauti ileile ya Wassila, ikaendelea: "Gari la Nne, elekea Shotti."

Alirukia maiki.

"Lazhar! Lazhar, ni mimi. Geuza gari!"

"Wassila?" Nyuma yake injini inanguruma. "Mbona mashine inasema twende? Kuna mtu anaomba msaada."

"Ni Kumi na Saba."

Akamsikia Mongi, kwa mbali: "Kumi na Saba? Ya Rabi! Geuza, bwana wewe, geuza!"

"Tunageuza," alisema Lazhar. Sauti yake ilikuwa imekauka, hakuna mzaha tena. "Tunageuza, mke wangu. Usilie."

Wassila akaona nukta ya Nne ikigeuka. Akashukuru Mungu kwa sauti.

"Gari la Nne. Elekea Shotti."

"Umesema nini?" akauliza Lazhar.

"Sijasema kitu! Ni mashine."

"Basi izime!"

Akainua simu, akapiga makao ya mkoa. Akajibiwa na ofisa mwenye sauti ya mtu aliyeshiba.

"Sababu ya kusimamisha gari?"

Atasema nini? "Gari… gari lina ubovu, afande."

"Kwangu hapa linaonyesha zima."

"Afande, nakuomba kwa jina la wazazi wako…"

"Dada, kuna mwenzetu anaomba msaada huko. Wewe unataka asiendewe? Subiri nimwulize mkubwa."

Ikawekwa muziki wa kusubiria. Sikio moja la Wassila lilikuwa na muziki. La pili…

La pili likasikia spika ikisema:

"Lazhar."

Jina hilo Wassila hakulisoma katika chumba cha magodoro. Halikuwamo. Alisoma namba, alisoma njia. Hakuna mtu aliyemwambia asome jina la mumewe.

"Lazhar… njoo unichukue. Miguu imezama."

"Wassila?" Sasa Lazhar alikuwa ananong'ona. "Wassila, uko wapi?"

"Niko kituoni! Niko hapa, mezani, nusu yangu ya mkate iko hapa mbele! Usisikilize hiyo!"

"Niko hapa," ikasema sauti. "Kuna baridi. Usisikilize hiyo."

Kilikuwa kilio kimoja, kifua kimoja, na kule kuvunjika kwa neno mwishoni ambako Lazhar alikuwa akikuiga ili kumtania. Zilikuwa sauti mbili, na hata Wassila mwenyewe, akizisikia pamoja, hakuweza kuzitenganisha.

"Wewe…" Lazhar alikuwa anahema. "Wewe ni yupi?"

Hapo akili ya Wassila ikamruka. Aliiangusha simu, akapiga magoti chini ya meza, akashika nyaya zote za mashine ile kwa mikono miwili, akavuta. Cheche zikaruka. Skrini ikafa. Spika ikafa. Chumba kikawa giza, na yeye sakafuni, nyaya mkononi, akifikiri ameiua.

Mashine haikuwa pale. Mashine ilikuwa mji mkuu, katika jumba ambalo Wassila hakuwahi kuliona. Pale Bir Meliha palikuwa na kioo tu, na maiki yake. Alichokikata kilikuwa sauti yake mwenyewe. Ile ya kweli.

Ndani ya gari la Nne ilibaki moja.

*

Walimwona Mongi usiku uleule, kabla hata magari ya msaada hayajafika. Alikuwa anatembea juu ya njia ya mawe bila viatu, midomo imepasuka kwa chumvi. Wassila, aliyekuja na mlinzi wa lango kwa gari la mboga, alishuka kumkimbilia.

Mongi alipomwona akapiga kelele, akarudi nyuma mpaka akaanguka.

"Usinisogelee!"

"Mongi, ni mimi. Shemeji yako. Lazhar yuko wapi?"

"Umesimama kule… sasa hivi umesimama kule…" Alikuwa anaonyesha kizani, kwenye weupe. "Na mtandio huohuo. Unalia. Maji… chumvi imekufika magotini. Nikamwambia, kaka, hapana, si yeye. Akaniambia, kama ni yeye je? Akaniambia, Mongi, kama ni yeye kweli na nikamwacha?"

"Halafu?"

"Akanisukuma nishuke. Akaacha njia."

Mongi akaanza kulia kama mtoto.

"Gari halikuzama, shemeji. Wallahi halikuzama. Nililiona likienda. Linakwenda na taa zake, linakwenda, likawa dogo… Na kulikuwa na gari jingine mbele yake. Linamwongoza."

Asubuhi walizifuata alama za matairi juu ya chumvi. Zilikwenda sawasawa, wala hazikuyumba kama za mtu mwenye hofu. Kisha zikakoma. Pale zilipokomea chumvi ilikuwa ngumu, haina shimo wala ufa. Walichimba. Wakaleta mitambo. Tope likameza mtambo mmoja, wakaacha kuchimba.

*

Baraza la uchunguzi likaketi. Wassila akaitwa, akaketishwa kwenye kiti katikati ya chumba, na mkwewe Bi Zohra nyuma yake miongoni mwa jamaa. Wakubwa wakawasha rekodi.

Wote wakasikia.

*Lazhar… njoo unichukue. Miguu imezama.*

"Hii ni sauti yako?" aliuliza mkubwa wao.

"Ni yangu. Si mimi."

Wakatazamana. Mmoja akaandika kitu, mwingine akammiminia maji kwenye bilauri na kumsogezea, kwa upole ambao watu huwapa wagonjwa. Hawakumshtaki. Walisema uchovu, mshtuko, mwezi wa kufunga umemdhoofisha. Wakamwondoa kazini na barua ya shukrani.

Nje, kwenye ngazi, Bi Zohra alimngojea. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu alikuwa anakuja nyumbani akiitwa na wewe tu," alisema. "Hata mimi nikimwita, hakuja. Kwa nini ulimwita, Wassila?"

"Mama, sikumwita."

"Nimekusikia. Kwa masikio haya." Akaziba masikio yake kwa mikono yote miwili, akashuka ngazi hivyohivyo, na tangu siku ile hakumwitikia Wassila hata salamu.

Ridha alikuja kumwona kwa siri. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Nimetafuta," alisema. "Usiku na mchana nimetafuta. Yale maneno hayamo ndani ya mashine, dada Wassila. Hayakuwahi kuwamo."

"Waambie."

"Nimewaambia. Wameniambia mashine ilifanya kazi yake. Wito ulipokewa mara moja. Gari la karibu lilitumwa. Aliyeacha njia ni dereva." Akaikunja kofia mkononi. "Wanaipeleka nchi nzima."

"Basi toeni sauti yangu. Wekeni ya mwingine. Wekeni ya mwanamume."

Ridha aliinamisha kichwa.

"Nimeomba. Wanasema watu wameizoea. Askari wanaipenda. Wanasema ukiisikia unaona kama… kama mtu wa nyumbani anakuita."

Ami Beshir ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzungumza naye, na hakuwa na mengi. Alikuwa amebakisha pumzi chache. Wassila alimuuliza ni kitu gani kile, na kinataka nini.

"Sijui, mwanangu. Wengine husema ni majini ya chumvi, wengine ni maiti wasiozikwa. Ninachojua, Kumi na Saba naye alikwenda kumwitikia mtu. Na yule mtu alikuwa amekwenda kumwitikia mtu." Alimshika mkono. "Wakati ule nilikuwa nafikiri tukinyamaza sote, wataishia hapo. Walikuwa wamebaki na mlango mmoja tu, na tuliufunga. Sasa nani atanyamaza? Mtu unaweza kumfunza kunyamaza."

Alizikwa kabla ya Idi ya kuchinja.

*

Wassila alihamia Sfax kwa dada yake, mbali na Shotti, kwenye mji wenye makelele. Alifanya kazi ya kushona mapazia. Alikuwa akisema kidogo, kisha kidogo zaidi. Dada yake alidhani ni majonzi. Ilikuwa woga. Kila akifungua kinywa, na sauti ile ikatoka, alihisi kama amevaa nguo ya mtu mwingine.

Jioni moja dada yake alimtuma samaki. Soko lilikuwa linafungwa, wachuuzi wanamwaga ndoo za barafu, jua limeshazama nyuma ya mapaa. Aliwanunua, wakafungiwa kwenye gazeti, akashika njia.

Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa kando ya duka la sigara, dirisha wazi. Ndani askari wawili, vijana, wanakula mbegu za maboga na kutema maganda nje. Wassila angepita. Alikuwa ameshapita.

"Gari la Kumi na Moja," ilisema redio. "Elekea mabwawa ya chumvi."

Alisimama.

"Umesikika, dada," alijibu yule wa usukani, akijipangusa mikono. "Twende. Kuna mtu amekwama."

Miguu ya Wassila ilirudi yenyewe. Akashika ukingo wa dirisha. Hakuwa amezungumza tangu asubuhi, na koo lilikwaruza.

"Nani… nani anaita?"

Kijana akamtazama, akamtazama mwenzake, akaangua kicheko. "Wallahi, umesikia? Sauti ya mashine hasa! Sema tena, dada!"

"Nani anaita?"

Labda ni uso wake. Kijana aliacha kucheka. Akainamia kioo kidogo kilichokuwa kinawaka mbele yake, akasoma.

"Gari la Nne. La Bir Meliha." Akakunja kipaji. "Hao ni wa kusini kabisa. Wamefikaje huku?"

Redio, ambayo haikupaswa kupitisha sauti ya gari jingine, ikakwaruza. Kama kucha ukutani. Na kutoka ndani ya mkwaruzo ule ikatoka sauti ya mwanamume, imechoka, ina adabu, haina mzaha hata chembe.

"Kituo, Kituo… hapa Nne."

Wassila aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Aliubana mpaka meno yakaingia nyamani. Sauti ile alilala nayo, aliamka nayo, aliisikia ikilalamikia harisa. Ilikuwa pale, mkono ukinyooshwa unaifikia, na alijua kuwa neno moja tu kutoka kwake…

Hakusema.

"Kituo, Kituo… hapa Nne…"

"Gari la Nne, umesikika," ilijibu sauti yake ndani ya gari, tamu, safi, kama mtu wa nyumbani. "Subiri hapo. Tunakuja."

"Msiende," alisema Wassila. "Wanangu, nawaomba, msiende."

"Msiende?" Kijana alikuwa anawasha injini. "Mwenzetu amekwama, dada. Ungekuwa wewe ndiye umekwama?" Akawasha taa za juu, rangi ikamwangukia Wassila usoni, samawati na nyekundu. Akamwambia kwa adabu: "Kaa pembeni kidogo, dada yangu, nisikukanyage mguu."

Akakaa pembeni.

Gari lilipinda kwenye kona, king'ora kikapanda, kikashuka, kikafifia upande wa baharini ambako mji huanika chumvi yake. Muuza sigara alivuta mlango wake chini. Njia ikabaki tupu. Wassila alisimama pale mpaka adhana ya isha, maji ya samaki yakimchirizika mkononi, akisubiri kusikia king'ora kikirudi.